Rekebisha mmap inayofuta ramani za wenzake kwenye jaribio la kerneli ya Linux

Mambo vipi wapendwa, leo tupo kwenye tools/testing/selftests/mm, folda ya majaribio ya kumbukumbu ya kerneli, na hizi ndo bagi ninazozipenda kuliko zote: jaribio linapita, linapita, linapita, halafu ghafla segfault, yaani programu inauawa kwa kugusa kumbukumbu isiyoruhusiwa. Kukompaili sielezi, make headers kisha make -C tools/testing/selftests TARGETS=mm, twende.

Liweke kwenye lupu uliendeshe mara 200, ukiliendesha mara moja tu halitakuonyesha kitu. Mnaona? Limekufa hapo. Sasa fungua kodi, tazama huu mstari wa mmap, wito wa kuiomba kerneli eneo la kumbukumbu, na eneo hilo ndilo tunaloita ramani: anwani imeandikwa kwa mkono, eneo lenyewe kubwa, na pembeni kuna bendera ya MAP_FIXED, yaani "weka hapo hapo nilipotaja". MAP_FIXED haibishi hodi jamani, ikikuta kuna ramani pale inaing'oa na kukaa yenyewe, na kwa kuwa kerneli inabahatisha anwani kila programu inapoanza, siku nyingine iliyokaa pale ni libc yako, maktaba ya C. Chapisha /proc/self/maps, orodha ya ramani za programu, kabla ya huo mstari utajionea.

Dawa: kama jaribio halihitaji anwani hiyo, weka NULL kerneli ichague, mimi napendelea hivyo. Kama inahitajika kweli, tumia MAP_FIXED_NOREPLACE, ipo tangu Linux 4.17 ya 2018, ikikuta pamekaliwa inarudisha kosa la EEXIST.

Sikilizeni hapa. FUTA MAP_FIXED, usiziache zote mbili. Kerneli ya zamani haiijui hiyo bendera mpya, itaipuuza na kufuata MAP_FIXED, umerudi pale pale, mimi nilishapoteza siku nzima hapo. Na ukishaifuta MAP_FIXED, kerneli ya zamani inachukulia anwani yako kama pendekezo tu, inaweza kukupa sehemu nyingine kimya kimya, kwa hiyo linganisha anwani uliyopewa na uliyoomba! Hazilingani? munmap kuliachia eneo, kisha ksft_exit_skip kutangaza jaribio limerukwa. Narudia, linganisha anwani.

Ngoja, imegoma kukompaili... MAP_FIXED_NOREPLACE haijulikani. Aah, hedari za mashine hii ni za zamani, weka #ifndef juu, thamani yake 0x100000. Haya, imekubali.

Na hii nilikuwa naipita, tazama if (p == NULL). Hapana! mmap ikishindwa inarudisha MAP_FAILED, yaani -1, kwa hiyo hii if haikamati chochote. Badilisha. EEXIST ikija ni skip, programu inamaliza kwa kodi ya 4, msiiandike kuwa imepita, maana jaribio lililoruka kazi halijathibitisha kitu na mtu huko ataliamini.

Lupu tena, 200... safi, hakuna segfault. Pitisha scripts/checkpatch.pl, git commit -s, weka mstari wa Fixes wenye herufi 12 za mwanzo za hash (kitambulisho) ya ile komiti iliyoleta bagi, kisha get_maintainer.pl ikwambie pachi utume kwa nani.