Sanduku la Misumari: Mhadhara juu ya Strima za Mtumba

Ndugu mwenyekiti, mafundi wenzangu wa Mwanjelwa na Kabwe hapa Mbeya, walimu wa kwaya, na ninyi wapenzi wa muziki mliodamka alfajiri kutoka Tukuyu na Makambako, habari za asubuhi. Wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili, na wachache mmelisikia mara nyingi kiasi kwamba mngeweza kulisema kwa niaba yangu, mimi nikakaa pale nyuma nikanywa chai. Ninalirudia kwa sababu wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea strima ya mtumba, yaani chombo cha kuvuta muziki mtandaoni na kuupeleka kwenye amplifaya, akaniuliza kama bei yake ni halali. Alikuwa amekwisha kuilipia. Katika miaka yangu yote ya ufundi, swali hili huletwa kwangu baada ya pesa kutoka mfukoni.

Mnaliona sanduku hili hapa mezani. Ni la alumini nzito, limechongwa kwa ustadi ambao hata mimi ninauonea wivu, na siku lilipotoka kiwandani Ulaya bei yake ingetosha kununua ng'ombe kadhaa wa maziwa pale Uyole. Mimi nililinunua kwa shilingi 1,350,000, baada ya kulipwa kazi ya kufunga spika katika kanisa moja. Mama watoto alilizunguka mara mbili, akaniuliza kama linapika. Nilimjibu kwa kiburi kwamba asubiri jioni, na kweli jioni ile lilipoimba alinyamaza, kwa sababu sauti ilikuwa safi, besi imekaa mahali pake, na mwimbaji unamsikia kana kwamba amesimama kati ya spika mbili sebuleni.

Lilifanya kazi miezi minane. Mwezi wa tisa, siku ambayo baba mkwe alikuwa amekuja kututembelea na mimi nimekwisha kumsimulia habari za chombo changu tangu stendi, kioo kiliandika kwamba hakiwezi kuunganishwa na huduma. Nilikagua ruta, nikaongeza bando, nikalihamishia chumba cha mbele ambako mtandao una nguvu zaidi, nikalizima na kuliwasha hadi mzee akaniambia kwa upole kwamba hata redio yake ya betri ingefaa. Ndipo nikafanya kosa ambalo ninawasihi msilifanye kamwe: nilibonyeza kitufe cha kulirudisha katika hali ya kiwandani. Lilijifuta kumbukumbu zote, likawaka upya kama mtoto aliyezaliwa leo, likanitaka nijisajili kwanza kwenye seva ya kampuni, yaani kompyuta yao ya mtandaoni inayohudumia vyombo vyao, ndipo liniruhusu kufanya jambo lolote, hata kucheza nyimbo za kwenye flashi niliyoichomeka mimi mwenyewe. Na seva ile ilikuwa imekwisha kufungwa.

Niliwaandikia wenye kampuni. Walinijibu kwa adabu kubwa, wakanishukuru kwa kuwa mteja mwaminifu, wakaniarifu kuwa huduma ya toleo lile imekoma, wakanipa punguzo la bei kwa toleo jipya, punguzo ambalo halikuhusu nchi yetu. Nilipolifungua nilikuta transfoma nzima, kapasita zote zimekaa vizuri bila hata moja kuvimba, na kigeuzi, yaani kile kijichipu kinachogeuza namba kuwa sauti, hakina hitilafu yoyote. Mafundi mnanielewa nikisema kwamba sijawahi kuona maiti yenye afya njema kiasi kile. Transfoma niliitoa nikaitumia kwenye amplifaya ya kwaya, na ganda lililobaki ninahifadhia misumari na bisibisi. Ninaamini ndilo sanduku la misumari la bei ghali kuliko yote Nyanda za Juu Kusini.

Najua yupo anayesema moyoni kwamba nilipatwa na bahati mbaya, na kwamba nisihukumu soko zima kwa sanduku moja. Basi tuliache langu, tutazame yanayojulikana na ulimwengu mzima. Slim Devices ya Marekani ndiyo iliyoanzisha strima za Squeezebox, ikanunuliwa na Logitech mwaka 2006, na mwaka huo huo ikatoka Transporter kwa dola 1,999, strima ambayo wasikilizaji makini waliiheshimu sana. Mwaka 2012 Logitech iliachana na ukoo wote wa Squeezebox, na mwaka 2024 ikafunga tovuti iliyokuwa ikiviunganisha vyombo hivyo na huduma za muziki. Sonos, watengenezaji wa spika za mtandaoni, nayo ilitangaza Januari 2020 kwamba vyombo vyake vya zamani vitaacha kupata maboresho ya programu kuanzia Mei, na wateja walipiga kelele hadi mkuu wa kampuni akaomba radhi hadharani. Sasa mtu akiniambia kwamba kununua strima kuukuu ni sawasawa na kununua Toyota kuukuu, ninamwomba anioneshe Toyota ambayo inakataa kuwaka kwa sababu ofisi fulani ng'ambo imezima taa. Gari likiharibika, kipuri kipo na fundi yupo chini ya mwembe. Kipuri cha seva hakiuzwi Kabwe.

Lipo pia jambo ambalo wauzaji hawalisemi, nadhani kwa sababu hawalijui, nalo ni habari ya vyeti vya usalama vya mtandaoni. Ukitaka kufungua akaunti benki unaweza kutakiwa upeleke barua ya utambulisho yenye mhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na karani huipokea kwa sababu mhuri huo anaufahamu. Strima nayo inapofika kwenye seva ya muziki hukagua barua ya seva, na inaamini tu ile mihuri iliyofundishwa kiwandani. Chombo cha mwaka 2010 ambacho programu yake haijaguswa kinaifahamu mihuri ya wenyeviti wa mwaka 2010. Mihuri hiyo ina mwisho wake. Tarehe 30 Septemba 2021 muda wa mmoja uliotumika sana, wa DST Root CA X3, ulikwisha, na vyombo vingi vya zamani duniani vikaanza kukataa tovuti ambazo jana yake vilikuwa rafiki nazo. Chromecast Audio, ambayo ni kifaa cha bei nafuu cha mwaka 2015, ilipatwa na jambo la namna hiyo Machi 2025 cheti kimojawapo kilipofika mwisho, ila Google walikuwa bado na nia ya kukishughulikia, wakatuma marekebisho. Kwa hiyo muuzaji akikuapia kwamba chombo chake kinafanya kazi leo, huenda anasema kweli kabisa. Mwulize ni nani atakayetuma marekebisho mhuri utakapokwisha.

Hapo ndipo watu hudhani kwamba ninapinga vyombo vyote vya zamani, na wananikera kidogo, kwa sababu nyumbani kwangu karibu kila kitu ni cha mtumba. Ninachouliza ni nani ameshika ufunguo. Sauti ya CD ni biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde tangu mwaka 1982 na haijabadilika, hivyo kigeuzi kilichoifasiri vizuri mwaka 2008 kinaifasiri vizuri leo, na hakuna ofisi yoyote duniani inayoweza kukizuia. Kigeuzi kinachojitegemea, chenye tundu la waya wa koaksia au la mwanga, nunueni bila woga. Amplifaya vivyo hivyo. Hata strima yenyewe ninaikubali, ilimradi inaweza kucheza nyimbo zilizomo ndani ya nyumba yako bila kumpigia hodi mtu wa nje. Klimax DS ya Linn, kampuni ya Scotland, ilitoka mwaka 2007 ikiwa imekusudiwa tangu mwanzo kusoma muziki kutoka kwenye hadi diski ya nyumbani kupitia mtandao wa ndani. Na zile Squeezebox nilizozitaja ziko hai mpaka leo kwa wenye kujua, kwa sababu programu ya seva yake iliachwa wazi, wapenzi wake wakaichukua wakaiendeleza, na tangu 2024 inaitwa Lyrion. Unaiweka kwenye kompyuta kuukuu au kwenye Raspberry Pi, kijikompyuta kidogo cha bei nafuu, nayo Transporter inaimba kama siku ya kwanza. Ukilinganisha na sanduku langu la misumari utaona kwamba umri wao haupishani sana.

Kwa sisi wa huku, kucheza muziki uliomo nyumbani kuna faida nyingine ambayo wenzetu wa Ulaya hawaihesabu. Muziki wa kiwango cha CD, kabla haujabanwa, ni takriban megabaiti 635 kwa saa moja, na hata ukibanwa bila kupoteza kitu mara nyingi hubaki nusu au zaidi kidogo. Anayesikiliza saa tatu kila jioni apige hesabu ya bando lake la mwezi, kisha aniambie kama hadi diski ni ushamba.

Mwenyekiti ananionesha saa, kwa hiyo ya umeme nitayapitia mbio. Chombo kutoka Marekani kimezoea volti 120 na cha Japani volti 100, wakati ukuta wako unatoa 230. Tazama nyuma yake pameandikwa nini kabla hujachomeka, maana transfoma haisamehe. Kapasita huchakaa kwa joto, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zikipungua maisha yake huwa mara mbili. Iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105, ikikaa ndani ya sanduku lenye nyuzi 65, inapewa saa 32,000, na kwa strima isiyozimwa usiku na mchana hiyo ni chini ya miaka minne. Baridi yetu ya Juni na Julai inatusaidia, kwa hiyo msilifunike sanduku kwa kitambaa cha kufuma kama televisheni ya zamani. Kilichokaa Pwani, ukiweza, kifungue uangalie kutu. Masika yakianza, radi ikinguruma upande wa mlima Loleza, ng'oa plagi ya umeme pamoja na waya wa mtandao, kwa sababu waya wa mtandao nao huileta ndani, na stabilaiza haitakuokoa.

Habari ya nyaya za bei mbaya nilikuwa nimeiandalia kurasa mbili. Ninaziruka, na walioziuza wamshukuru mwenyekiti.

Nimalizie kwa namna ya kukijaribu chombo dukani. Nenda na flashi yako yenye nyimbo unazozijua, na waya wako wa mtandao. Mwombe muuzaji azime ruta kabisa, kisha akizime chombo na kukiwasha tena, halafu uone kama kinaicheza flashi yako. Kikigoma, mrudishie kwa heshima uende zako, hata kama kioo chake kinang'aa namna gani. Kikicheza, ruta iwashwe, uone kama kinakubali neno la siri la mtandao, kwa sababu vya zamani sana havijui ulinzi wa ruta mpya, na hapo utalazimika kutumia waya. Muulize muuzaji, mwenye nacho wa kwanza alikisajili kwa akaunti gani na kama ameshaiachia. Na kile kitufe cha kurudisha hali ya kiwandani, asikiguse mtu kabla hamjahakikisha kwamba seva yake bado ipo.

Ninaona wanne mmekuja na vyombo vyenu mmevificha chini ya viti. Vileteni hapa mbele tuvifungue wakati wenzetu wanakunywa chai. Bisibisi zimo ndani ya sanduku hili.