Kisio Kabla ya Kivuli

Mhadhara kwa walimu na wazazi wa shule za msingi, Mombasa

Assalamu alaikum, na hamjambo nyote. Walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wazee wetu mliofuatana na wajukuu, ahsanteni kwa kuitoa Jumamosi yenu. Nimeomba tumalize kabla ya saa sita, kwa sababu nimesimika fimbo huko uani na sitaki tupitwe na jua. Habari ya fimbo nitaieleza.

Leo nazungumzia kufundisha kwa vitendo, na kwa nini mtoto akisie kabla ya kuelezwa. Nianze na feri. Nani hapa hajavuka Likoni? Miaka mingi iliyopita nilikuwa nafundisha darasa la nne, somo la vitu vinavyoelea na vinavyozama. Nilijiandaa kweli kweli. Nilibeba beseni, maji na udongo wa mfinyanzi. Nikasimama mbele nikaeleza: udongo ukiwa bonge huzama, ukiufinyanga ukawa bakuli huelea. Kisha nikawagawia, wakafinyanga, vibakuli vikaelea, wakapiga makofi. Wiki iliyofuata nikawauliza, "Feri ni chuma tupu, mbona haizami?" Mikono ikainuka kila upande, na jibu likawa moja: "Ina injini, mwalimu."

Nilikwenda nyumbani siku hiyo na moyo mzito. Watoto walikuwa wamelowa hadi viwiko, na hawakujifunza kitu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kosa lilikuwa langu na lilikuwa moja tu: niliwapa jibu kabla hawajalitamani. Mikono yao ilifanya kazi ya kuthibitisha maneno yangu, na vichwa vyao havikuulizwa lolote.

Nikalirudia somo. Safari hii sikueleza chochote. Nilishika bonge la udongo, kubwa kama ndimu, nikauliza: nikilitia majini litazama au litaelea? Kila mtu aandike kwenye daftari lake, na asifute. Wakaandika. Likazama. Nikawaambia, udongo ni huu huu, haupungui wala hauongezeki, ufanyeni uelee. Kikundi cha kwanza kilitengeneza kitu kama sahani, kikazama. Wakabishana. Mmoja akasema kiinuliwe kingo. Kikaelea. Nikauliza: kitabeba kokoto ngapi? Andikeni. Wakaandika 5, wengine 8. Kuna kikundi kilibebesha 23, na hapo darasa zima likahama likaenda kuangalia kingo zao zilivyokuwa ndefu na nyembamba. Msichana mmoja anayekaa Likoni akaweka kokoto zake zote upande mmoja, chombo kikalala, maji yakaingia. Akasema, "Ndiyo maana kwenye feri tunaambiwa tusisongamane upande mmoja." Mimi sikuwa nimefikiria hilo. Ndipo nikaeleza, na sasa walikuwa na kiu ya kuelezwa: chombo chenye tumbo tupu husukuma maji mengi kando, na kikishasukuma maji yenye uzito sawa na wake hakishuki zaidi. Chuma cha feri ni kizito, lakini ndani yake mna nafasi kubwa ya hewa. Injini haikutajwa tena.

Tofauti ya masomo yale mawili si beseni. Ni ile dakika moja ya kuandika kisio. Mtoto aliyekisia ana dau lake mezani. Akipatia anafurahi, akikosea anataka kujua kwa nini, na huko kutaka kujua hakuna mwalimu awezaye kukununua dukani.

Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, katika mtaa wa watu maskini. Miongoni mwa vifaa vyake mlikuwa na ubao wenye matundu ya ukubwa mbalimbali na vipande vya mbao vya kutia humo. Ukikosea kipande kimoja, mwishoni unabaki na kipande kisichoingia mahali pake. Hakuna anayekwambia umekosa. Mbao zenyewe zinakwambia. Mimi hilo nalipenda mno, kwa sababu mtoto anayesahihishwa na kitu haoni haya kama anayesahihishwa na mtu mbele ya wenzake. Maji ya beseni hayamdhihaki mtoto.

Sasa fimbo. Hili ndilo somo ninalolipenda kuliko yote, na ndilo rahisi kuliko yote. Unahitaji fimbo ya mita 1, mahali pa wazi, uzi wenye jiwe wa kupimia wima, yaani timazi ya waashi, na vizibo vya soda. Unaanza saa tano na nusu. Kila dakika 10 mtoto mmoja anaweka kizibo penye ncha ya kivuli, mwingine anapima urefu, mwingine anaandika saa. Mnaendelea hadi saa saba kasorobo. Jambo moja la lazima: macho yawe chini kwenye kivuli, asitazame mtu jua.

Lakini kabla ya kutoka darasani, kisio. Kivuli kitakuwa kifupi kabisa saa ngapi? Darasa zima litaandika saa sita kamili. Hata walimu wataandika hivyo. Wakitoka, saa sita inafika na kivuli bado kinapungua. Saa sita na dakika 10, bado. Watoto wanaanza kuitilia shaka saa ya mwalimu. Hapa Mombasa kivuli kifupi kabisa huja baada ya saa sita mwaka mzima. Mara nyingine ni dakika chache tu baadaye, kama mwezi wa Novemba, na mara nyingine ni zaidi ya nusu saa, kama mwezi wa Februari.

Nilipolifanya mara ya kwanza, kijana mmoja aliyekuwa akisoma chuoni, yaani madrasa, jioni alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, kumbe ndiyo maana adhuhuri haiadhiniwi saa sita." Naam! Adhuhuri huingia jua likishapinduka, na kila siku ya maisha yake alikuwa akisikia adhana ikija baada ya saa sita bila ya kujiuliza sababu. Siku hiyo hata watoto wasiokuwa Waislamu, ambao adhana hiyo hiyo huwapitia masikioni kila mchana, walitaka kujua.

Sababu ni kwamba saa ya Afrika Mashariki imewekwa kwa longitudo ya digrii 45, ambayo inapita karibu na Mogadishu. Sisi tuko chini kidogo ya digrii 40. Jua linatumia dakika 4 kwa kila digrii, basi likishafika utosini mwa watu wa Mogadishu, linahitaji dakika 20 na kitu kutufikia. Ile tofauti nyingine ya miezi inatokana na dunia kuinama kwake na kulizunguka jua kwa njia isiyo duara kamili. Hilo la mwisho mtoto wa gredi ya tano si lazima alishike. La dakika 4 kwa digrii atalikokotoa mwenyewe, na hapo mmeingia katika Hisabati bila ya kengele kulia.

Msiishie siku moja. Fimbo ile ile isimikwe kila muhula. Januari shule zinapofunguliwa, kivuli cha adhuhuri kina sentimita 30 na kidogo na kinaelekea kaskazini. Mwanzoni mwa Machi kinakaribia kutoweka kabisa, fimbo inasimama kama haina kivuli. Juni kimegeuka, kinaelekea kusini, na urefu wake leo siwatajii. Mwanzoni mwa Oktoba kinatoweka tena. Tuko digrii 4 tu kusini ya ikweta, ndiyo maana jua linatuvuka utosini mara mbili kwa mwaka. Watoto wa London hawatayaona haya maishani wakiwa kwao. Wetu wanayo bure uani.

Na kuna jambo niliona mwenyewe baada ya miaka kadhaa ya kuweka vizibo, nikafurahi kama mtoto. Wakati wa kaskazi, upepo hutoka kaskazini na kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini. Wakati wa kusi, upepo hutoka kusini na kivuli huelekea kusini. Hayakutukia kwa bahati. Upepo unafuata upande ambao jua limeipasha nchi moto zaidi, na kivuli kinalikimbia jua, basi ncha ya kivuli huonyesha unakotoka upepo. Manahodha wa majahazi waliokuwa wakija Mombasa kwa kaskazi na kurudi kwa kusi walisafiri kwa jua lile lile linalosogeza kizibo cha mtoto wako.

Wazazi, sasa naongea na nyinyi. Tangu mtaala wa umilisi, yaani CBC, uanze katika madarasa ya chini mwaka 2019, mmetumwa madukani mpaka mmechoka. Karatasi za manila, gundi, rangi, picha za kuchapisha saa tatu ya usiku. Nimeona mfano wa mfumo wa jua uliotengenezwa na seremala, mtoto ameubeba tu. Mtoto yule hakujifunza kitu, na baba yake amepoteza fedha za chakula. Nawaomba walimu wenzangu kwa unyenyekevu: shughuli inayohitaji mzazi kwenda dukani, tuitilie shaka. Tuna vifuu vya nazi, tuna makumbi yake, tuna mchanga, makopo, komwe za bao, na leso, yaani kanga.

Leso peke yake ni muhula mzima. Mtoto anayesema thumuni moja ni kubwa kuliko robo moja kwa kuwa 8 ni kubwa kuliko 4, usimchoree duara ubaoni. Mpe leso ya mamake, ashike pembe na mwenzake. Waikunje mara moja, mara mbili, na kabla ya mara ya tatu uliza: kipande kitakuwa kikubwa au kidogo kuliko hiki? Wakishakunja, wahesabu vipande. Pindo, mji, yaani sehemu yake ya katikati, na maandishi yake ni masomo mengine, sitaingia huko.

Na nyumbani, mwenye mtoto wa miaka mitano afanye hili leo jioni. Bilauri mbili zinazofanana, tia sharbati ya ukwaju sawasawa, mtoto akubali kwamba ni sawa. Kisha mimina moja ndani ya bilauri nyembamba ndefu, mbele ya macho yake. Muulize ipi ina nyingi. Watoto wengi wa umri huo husema ile ndefu. Jean Piaget, Mswisi, aliyachunguza haya kwa miaka mingi. Usimcheke, wala usimsahihishe. Mwambie amimine mwenyewe, arudishe, amimine tena. Umri wa miaka saba au minane huwa ameshajua, na hatakumbuka kwamba kuna siku hakujua.

Najua swali mlilonalo walimu, limeandikwa nyusoni. Watoto 60 darasani, dakika 35, mwalimu mmoja. Nami nimefundisha 64. Vikundi vya sita, na kila mtoto awe na kazi yenye jina: mpimaji, mwandishi, mtunza saa, msemaji, mleta vifaa, na mmoja ambaye kazi yake ni kupinga tu. Huyo mpingaji msimdharau. Mpe yule mtundu anayekusumbua, utaona. Kelele zitakuwepo. Nenda ukasimame karibu na kikundi, usikilize wanachopigia kelele. Kama wanagombania kisio, waache. Na usifanye shughuli kila siku. Moja kwa wiki iliyofikiriwa vizuri yatosha, siku nyingine someni na kuandika, kwani kusoma nako ni kazi ya maana na sikuja hapa kukubeza.

Waliokaribu na bahari waongeze maji kupwa na maji kujaa. Kijiti chenye alama kwenye ukingo wa mikoko, kisio, daftari. Kila siku maji hujaa yamechelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana, na wana wa wavuvi wataijua bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, kuliko mwalimu. Wapeni wao wafundishe siku hiyo. Asiende mtoto ufukweni bila mtu mzima.

Ni saa sita kasoro dakika 10. Tutoke uani taratibu, wazee watangulie. Mlangoni kuna kapu la vizibo vya soda. Kila mtu achukue kimoja, akiandike jina lake, na akakiweke chini mahali anapodhani ncha ya kivuli itafika kitakapokuwa kifupi kabisa. Mwandike na saa yake pia. Fimbo ni ya mita 1, mwezi ni Juni. Ukishakiweka kizibo chako, usikisogeze.