Nusu Inchi Pungufu: Nyara za Uwindaji Hupimwaje?

MPWA: Karibuni tena kibarazani. Shikamoo mjomba.

MJOMBA: Marahaba mjomba.

MPWA: Wageni wasishangae, kwetu mjomba na mpwa wanaitana "mjomba" wote wawili. Leo naona umekuja na futi kamba. Unanishonea gauni?

MJOMBA: Ya kushonea ni ya kitambaa, inavutika. Hii ya chuma, upana wake robo inchi. Kitambaa kikivutika kinakuibia inchi, na hakuna kiumbe anayechukia kuibiwa inchi kama mgeni aliyelipia nyati.

MPWA: Kwa asiyemjua, mjomba amekula misimu kumi na moja kwenye vitalu vya uwindaji wa kitalii, Selous ya zamani, kabla sehemu yake kubwa haijafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Alikuwa mchunaji.

MJOMBA: Mchunaji, mchemsha mafuvu, mshika futi. Kazi zote zenye harufu.

MPWA: Haya, turudi nyuma kidogo. Nani alianza kupima nyara, yaani pembe na mafuvu ya wanyama waliowindwa, na kuziandika kitabuni?

MJOMBA: Mwingereza mmoja wa London, Rowland Ward. Kazi yake ilikuwa kukausha na kujaza ngozi za wanyama wapambie nyumba. Vichwa vinaingia dukani kwake kutoka kila pembe ya dunia, akaanza kuvipima. Mwaka 1892 akatoa kitabu cha vipimo, na kitabu hicho kimeendelea kutolewa upya mpaka leo. Amefariki 1912, jina limebaki. Mtu akisema "nyati wangu ni wa Rowland Ward", maana yake amefika kiwango cha kuandikwa.

MPWA: Na kiwango cha nyati ni kipi?

MJOMBA: Inchi 42. Sentimita 107 kasoro kidogo. Unapima upana wa nje, pale pembe zilipotanuka zaidi. Fuvu unaliweka chini, unasimamisha mbao mbili zilizonyooka, moja kila upande, ziguse pembe bila kuzisukuma. Halafu unapima kutoka ubao mpaka ubao. Inaonekana rahisi, eti?

MPWA: Inaonekana.

MJOMBA: Sasa nikupe kisa. Jioni moja, sufuria la mafuvu bado linafuka mvuke, nimemtoa nyati nimemweka mezani. Nikapima: 41 na nusu. Mgeni kasimama nyuma yangu na bia. Akasema, "Rudia." Nikarudia: 41 na nusu. Akaja mwenyewe, akashika ubao wa kulia. Mjomba, ule ubao ukaanza kulala! Taratibu, kama mtu anayesinzia kwenye basi. "Forty-two," akasema.

MPWA: Ukamwambiaje?

MJOMBA: Mimi? Mimi nilikuwa nasubiri bakshishi. Mwindaji bingwa wetu, yule anayemwongoza mgeni porini, ndiye aliyekuja, akausimamisha ubao kwa kidole kimoja, hakusema neno, akaondoka. Mgeni akanuna siku mbili. Na bakshishi ikanuna naye.

MPWA: Kwa nusu inchi!

MJOMBA: Nusu inchi ni nyingi pale. Vipimo vinasomwa mpaka sehemu ya nane ya inchi. Kiwango cha tandala mkubwa wa kusini mwa Afrika ni inchi 53 na sehemu saba za nane, ukifuata mzunguko wa pembe yenyewe ile inavyojisokota. Ukikosa ile sehemu ndogo, hukuandikwa.

MPWA: Lakini Wamarekani nao wana kitabu chao.

MJOMBA: Safari Club International, ya miaka ya 1970. Wao nyati hawampimi kwa upana. Wanaanzia ncha ya pembe moja, futi inafuata mkunjo, inapita utosini, inashuka mpaka ncha ya pili. Halafu wanaongeza upana wa ile... sisi tuliita kofia. Lile bamba gumu la pembe juu ya paji. Kofia ya kulia, kofia ya kushoto, unajumlisha vyote. Ukifika 100 umeingia.

MPWA: Kwa hiyo nyati mmoja anaweza kufeli London akafaulu Marekani?

MJOMBA: Kabisa! Na hapa ndipo nilipotaka tufike, maana watu wanadhani futi ni kitu cha baada ya risasi. Futi inaanza kazi kabla. Mgeni akishajua nini kinahesabiwa, ndicho anachokitafuta kwa darubini.

MPWA: Fafanua.

MJOMBA: Chukua nyati dume kijana. Pembe zimetanuka vizuri, ncha kali kama sindano. Lakini ukimwangalia kofia, haijakomaa. Katikati bado laini, kuna nywele. Huyo ndiyo kwanza anaingia umri wa kupanda majike. Ukimpima upana unaweza kupata 42 safi. Sasa chukua mzee. Kofia imekuwa jiwe, nywele hakuna, masikio yamechanika. Ncha zimelika kwa miaka ya kupigana na kuchimba matope. Upana 36, 37. Huyo ameshatengwa na kundi, yuko na wazee wenzake wawili kwenye matope ya mto, hana mtoto anayemtegemea.

MPWA: Na kitabu kinamtaka kijana.

MJOMBA: Upana hauulizi umri. Kipimo cha kofia angalau kinampa mzee alama zake, ingawa urefu bado unamponza, ncha zake zimeisha. Kwangu mimi mtu anayepiga nyati mwenye kofia laini ni kama anayekata muhogo wa miezi mitatu. Umeng'oa, unakula nini?

MPWA: Kwa simba nadhani ni mbaya zaidi.

MJOMBA: Simba anapimwa fuvu. Urefu jumlisha upana, inchi 24 kwa Rowland Ward. Fuvu lazima lichemshwe, lisafishwe, ndiyo upime. Maana yake unajua ukubwa wakati simba ameshakuwa supu.

MPWA: Kuna utafiti nilisoma jana, nikaona nikuletee. Ulitoka mwaka 2004 kwenye jarida la Nature, Karyl Whitman, Craig Packer na wenzao, wakitumia kumbukumbu za simba wa kaskazini mwa Tanzania. Walisema ukipiga madume waliofika umri wa miaka mitano sita tu, kundi haliyumbi. Ukipiga mdogo, dume jingine linaingia na kuua watoto wote.

MJOMBA: Wanaua kweli, nasi tulijua. Na walisema tuangalie pua. Pua ya simba kijana ni ya waridi, anavyozeeka inaingia madoa meusi. Tanzania ikaweka miaka sita kuwa umri wa chini kabisa, na fuvu na meno vinakaguliwa. Hapo ndipo wawindaji bingwa wengi walipoanza kukaa na picha za pua kwenye gari. Ilikuwa kichekesho, wanaume wazima na bunduki zao wanabishana kuhusu pua.

MPWA: Na ndovu? Maana huko ndiko kwenye kelele.

MJOMBA: Ndovu hahitaji futi, anahitaji mizani. Na kwa hilo mababu walitutangulia. Kabla ya Rowland Ward, Unguja walikuwa wanapima pembe kwa frasila. Frasila moja ni ratili 35, kama kilo 16. Ule ndovu wa Kilimanjaro aliyeuawa 1898, pembe zake ziliuzwa Unguja, sasa ziko jumba la makumbusho London. Kila moja karibu kilo mia. Frasila sita na ushei, kwa pembe moja!

MPWA: Wanne wa kubeba.

MJOMBA: Kitabu cha London kinataka ratili 80 kwa pembe, yaani kilo 36. Sheria yetu inaanzia kilo 20. Shida ni kwamba ndovu mwenye pembe za namna ile ndiye huyo huyo ambaye jirani anakuja kumpiga picha. Mwishoni mwa 2023 walianza kupigwa madume ya pembe ndefu Enduimet, eneo la wanyamapori upande wetu wa mpaka, wanaovuka kutoka Amboseli ya Kenya. Kenya ilifunga uwindaji 1977. Ndovu hana pasi ya kusafiria, akivuka mpaka amebadilisha sheria.

MPWA: Wewe unasemaje?

MJOMBA: Dume lile likifika miaka arobaini ndiyo majike wanalitaka. Mimi nisingelipiga. Najua wenzangu watanipigia simu.

MPWA: Wapige. Tumalizie tuzo. Nani anapewa?

MJOMBA: Siku hizi mgeni. Wana tuzo za wanyama watano wakubwa, kuna za aina nyingi, mtu anajaza ukuta. Lakini zamani Nairobi, chama cha wawindaji bingwa wa Afrika Mashariki, kilichoanzishwa 1934, kilikuwa na tuzo ya kila mwaka, Shaw and Hunter. Ile ilipewa mwindaji bingwa aliyemwongoza mgeni, si mgeni. Chama kikafa 1977 na uwindaji wa Kenya.

MPWA: Na mfuata nyayo?

MJOMBA: Mfuata nyayo alipewa nyama.

MPWA: Na ukiokota pembe tu porini?

MJOMBA: Kitabu cha London kinaipokea, hata kama hukufyatua risasi. Hapa kwetu usithubutu. Hiyo ni nyara ya Serikali, ipeleke kwa afisa wanyamapori. Ukienda nayo kwa mpimaji utapimwa wewe.

MPWA: Swali la mwisho. Nyati gani unayemkumbuka?

MJOMBA: Yule wa inchi 34. Pembe ya kushoto imekatika nusu, kofia imepasuka katikati kama ardhi ya kiangazi, meno yamebaki visiki. Mgeni wake alikuwa mzee pia, hakutaka hata apimiwe. Nilimpima usiku mwenyewe, kwa tochi, nikaandika kwenye daftari langu.

MPWA: Daftari liko wapi?

MJOMBA: Lililiwa na mchwa.