Huyu ni maski, sio paiki! Na kilo zake nimezijuaje bila mzani

Haya jamani, wa Kirumba, wa Igoma, wa Musoma na mlioko huko Dubai zamu ya usiku, mambo zenu. Leo nina deni la kulipa. Mwaka jana si mnakumbuka nilivyojishaua na ile picha, nikasema nimepata maski (muskie), yule samaki mkubwa mla samaki wa huku Marekani, mfalme wa maji baridi, halafu mzee mmoja wa hapa anayevua tangu mimi sijazaliwa akaiangalia sekunde mbili tu akaniambia kijana hiyo ni paiki (pike), ndugu yake wa kawaida tu. Nilitamani maji yanimeze. Sasa Jumamosi hii, ziwa Mille Lacs hapa Minnesota, asubuhi ukungu umetanda na kale kaupepo ka mwezi wa tisa, ukiliangalia ziwa lile unaweza ukadhani uko Nyanza, nimepata wa kweli, na safari hii nimekagua kama polisi wa barabarani.

Tuanze na ngozi. Paiki mwili wake umekolea, kijani cheusi hivi, halafu ana madoa meupe marefu-marefu. Maski ni kinyume, mwili wake mwangaza na michirizi au madoa ndio meusi. Ila shida ya rangi ni kwamba inadanganya, kuna maji ya tope, kuna maski wengine hawana madoa kabisa, mwili mtupu, ndo nilipoingia mkenge mwaka jana. Kwa hiyo shuka mkiani: maski ncha za mkia zimechongoka, paiki za mviringo. Na hapo usishangilie mapema, maana kuna chotara, baba paiki mama maski au kinyume chake, wanamuita taiga, yaani chui milia, kwa ile milia yake, hazai huyo, na mkia wake nao ni mviringo, milia kama maski mkia kama paiki, ili mradi akuchanganye tu.

Ushahidi wenyewe uko chini ya taya. Mgeuze kidogo, hukohuko ndani ya neti ndani ya maji, uangalie taya la chini upande mmoja, utaona vitundu vidogo kama umetoboa kwa sindano. Paiki vitano, mara chache sana vizidi. Maski sita mpaka tisa. Mimi nilihesabu saba, nikahesabu tena saba, nikamwambia jamaa yangu wa mashine ya boti hebu hesabu na wewe mimi mikono inatetemeka, akasema saba. Nilipiga ukelele nadhani ng'ambo walisikia!

Na alivyokuja sasa, huyu samaki wanamuita samaki wa mitupo elfu kumi, na sio uongo, mimi huu ni msimu wa tatu. Anakifuata chambo cha bandia mpaka ubavuni mwa boti, anakuangalia, anaondoka zake na dharau zake. Ndo maana kabla hujakitoa chambo majini unachora namba nane majini kwa ncha ya fimbo ya kuvulia, kulekule ubavuni, mzunguko mpana. Mzunguko wa pili, maji yakapasuka.

Haya, vipimo. Rula ndefu ya ubao, iloweshe kwanza usimtoe ute. Mdomo ufungwe, pua iguse kizuizi, mkia uubane, halafu soma. Usipitishe futi ya kupimia juu ya tumbo, tumbo linaongeza inchi za bure. Akatoka inchi 46, yaani sentimita 117 hivi. Kisha futi ya fundi cherehani, ile laini, zungusha tumboni palipo panene, inchi 20. Sasa hesabu: 20 mara 20 ni 400, mara urefu 46 ni 18,400, gawa kwa 800, unapata paundi 23, kama kilo 10 na nusu kasoro. Ni makadirio, sawa, lakini hujamning'iniza kwenye mzani ukamuumiza uti wa mgongo na mashavu. Picha zenyewe msiziamini, hata yangu hii, nimenyoosha mikono mbele ya kamera ndo maana anaonekana mamba. Kule jirani Wisconsin mpaka leo watu wanabishana kuhusu ukubwa wa kweli wa maski wawili wa mwaka 1949, mmoja paundi 67 na nusu, mwingine 69 na wakia 11, na ubishi mwingi ni wa picha hizohizo.

Najua shangazi ashakasirika: kilo 10 umeziachia majini? Shangazi, hapa Minnesota maski chini ya inchi 54 ni marufuku kumchukua, ni kama sangara wa chini ya sentimita 50 hapo nyumbani, tofauti ni kwamba 54 ni mita moja na sentimita 37, mtoto wa darasa la nne huyo. Wanaofika huko karibu wote ni majike, mama wazazi. Kwa hiyo plaizi ndefu, ndoana moja iligoma nikaikata kwa mkasi wa vyuma, picha moja nimemshika amelala, mkono mwingine chini ya tumbo, nikamrudisha. Nikamshika mkia mpaka aliposukuma mwenyewe, akanimwagia maji usoni, huyoo.

Ila saa moja baadae nikapata kengine kadogo, inchi 20, mkia mviringo, madoa meupe, vitundu vitano huku vitano huku. Huyo shangazi nimemkaanga. Ana miba kama herufi Y, nimekula polepole kama mgonjwa.