Mtaa Ukitobolewa

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Leo tunaongelea ule mchoro ambao kila halmashauri ina wake: barabara ya mtaa wa pembeni inayoishia ukutani au kichakani, kisha mstari wa nukta nukta unaoivusha hadi barabara kubwa ya upande wa pili. Mita mia tatu, mia nne hivi. Mimi naunga mkono. Mwenzangu Mashaka, mnamjua, jina halikumkosea.

MASHAKA: (anacheka) Nililikuta, nikalitendea haki. Ila dada Zuhura, lami siipingi. Nauliza tu: barabara ile leo anaipita nani? Anayekaa pale na mgeni wake, basi. Ukiitoboa, kesho anaipita mtu asiyemjua yeyote pale, ana haraka zake, anakwepa foleni ya barabara kuu. Urefu umeongezeka kidogo, lakini kazi ya barabara imebadilika kabisa.

ZUHURA: Si ndiyo faida yenyewe? Foleni kule inapungua.

MASHAKA: Kwa muda. Kule Houston, Marekani, walipanua barabara kuu iitwayo Katy Freeway, wakamaliza 2008. Pale ilipo pana zaidi, ukihesabu na barabara zake za pembeni, inafika njia 26. Miaka michache tu, safari za jioni zikaanza kurefuka tena. Mwaka 2011 wachumi Gilles Duranton na Matthew Turner wakachapisha uchambuzi wa miji ya Marekani: barabara zikiongezeka, mwendo wa magari nao unaongezeka karibu kwa kiwango kilekile. Nafasi ikionekana, magari yanaijia.

ZUHURA: Kaka, umeniletea tembo na mimi nauliza habari za mbuzi. Hiki ni kipande cha mtaa!

MASHAKA: Haya, tuje kwa mbuzi. Mwaka 1968 mwanahisabati Mjerumani, Dietrich Braess, alionyesha kwamba kiungo kimoja kipya kinaweza kumchelewesha kila mtu. Fikiria njia mbili za kwenda mjini. Kila moja ina kipande kifupi kinachojaa upesi na kipande kirefu kisichojaa. Ya kwanza inaanza na kifupi, ya pili inamalizia na kifupi. Watu wanagawana njia, maisha yanaenda. Sasa weka kiungo katikati. Kila mjanja anapita vifupi vyote viwili na kuvikwepa virefu. Wajanja wakiwa ni watu wote…

ZUHURA: Vifupi vyote vimeziba.

MASHAKA: Na virefu viko tupu.

ZUHURA: Lakini umesema "kinaweza". Haitokei kila mahali.

MASHAKA: Haitokei kila mahali, kweli. Ndiyo maana nataka hesabu ya magari kabla ya mchoro. Walihesabu lini, saa ngapi, na makutano ya upande wa pili yatabeba kiasi gani? Mara nyingi mkutanoni unaonyeshwa picha ya miti iliyopandwa vizuri kando ya lami. Miti mizuri sana, sikatai.

ZUHURA: Hapo hata mimi kuna kitu kinanikera. Bajeti huhesabu kile kipande kipya tu. Lakini kile cha zamani kilijengwa kwa magari madogo, tabaka zake nyembamba, mitaro yake midogo. Ukikiunganisha na barabara kuu, malori yanaingia. Wahandisi walifanya majaribio makubwa kule Illinois kati ya 1958 na 1960, na kanuni iliyotoka humo inasema ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, ikibeba uzito mara mbili, lami inaumia karibu mara 16. Gari dogo halihesabiki hata kidogo, lori ndilo linalokula barabara. Kwa hiyo mita mia tatu mpya zinaua kilomita nzima ya zamani, na kwenye makadirio hiyo kilomita haimo.

MASHAKA: Mbona leo uko upande wangu?

ZUHURA: Siko! Mtaa wenye mlango mmoja ni hatari. Mti ukianguka pale mdomoni, zimamoto inapita wapi? Na mtoto anayeiona shule ng'ambo ya ukuta, azunguke kilomita mbili kwa sababu wewe unaogopa magari? Hapo usinijibu kwa Houston.

MASHAKA: Sikujibu, nakubali. Ukuta utobolewe. Nabishana kuhusu nani apite. Uholanzi kuna mji unaitwa Houten. Waenda kwa miguu na baiskeli wanakatiza katikati moja kwa moja. Gari linalotaka kwenda mtaa wa pili linatoka hadi barabara ya mzunguko, linazunguka, linaingia kwa upande mwingine. Kwa hiyo jenga hicho kipande, kiwe na taa na mtaro, halafu katikati simika nguzo za kung'oa. Mtoto anapita. Mkwepa foleni hapiti.

ZUHURA: Na gari la wagonjwa?

MASHAKA: Nguzo zina kufuli. Wanafungua, wanapita.

ZUHURA: Saa nane usiku, mvua inanyesha, ufunguo uko kwa nani?

MASHAKA: (kimya kidogo) Hilo nalo liandikwe kwenye mchoro.

ZUHURA: Nani aandike?

MASHAKA: Dada, umenibana. Twende mapumziko.