Sigara ya Kielektroniki: Tusirudie Yaliyotokea kwa Shisha

(Mhadhara kwa wazazi na walimu, Ngamiani, Tanga)

Wazee wangu, shikamooni. Walimu na wazazi wenzangu, asanteni kwa kuja.

Mada yetu ni sigara za kielektroniki, zile vijana wanaziita vepu. Serikali izipige marufuku, izidhibiti, au iache soko lijiendee? Natangulia kusema msimamo wangu ili mnipinge mapema: nataka sheria kali yenye vipimo. Tamko tupu la marufuku silitaki.

Kifaa hiki kilibuniwa mwaka 2003 na mfamasia wa China, Hon Lik, mvutaji sigara ambaye baba yake alikufa kwa saratani ya mapafu. Ndani yake hakuna tumbaku inayoungua. Betri inapasha moto waya, waya unageuza kimiminika kuwa mvuke, na humo mna nikotini, glaiserini na ladha za embe, nanasi au mnanaa. Kwa kuwa hakuna kinachoungua, ile lami ya sigara haipo. Hilo ni kweli, msimkatalie anayelisema.

Wanaozitetea wana hoja nzito. Tafiti zimeonyesha kuwa zinawasaidia wavutaji kuacha sigara zaidi kuliko plasta za nikotini. Mzee aliyevuta miaka mingi ana haki ya kuisikia habari hiyo. Lakini mtoto wa kidato cha pili ambaye hajawahi kugusa sigara anaokolewa na nini? Yeye anaanzishwa. Ubongo wake utaendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25, na nikotini inamkamata mapema.

Hapa naomba tutulie kidogo. Juul, chapa ya vepu ya Marekani, ilipoingia sokoni kwao mwaka 2015, kimiminika chake kilibeba miligramu 59 za nikotini kwa mililita, na hakikukwangua koo kwa sababu nikotini ilichanganywa na asidi. Kufikia 2019, asilimia 27.5 ya wanafunzi wa sekondari za juu kule walikuwa wakivuta sigara za kielektroniki. Juul hiyohiyo ilipokwenda kuuza Uingereza ilikuta Umoja wa Ulaya, ambao Uingereza ilikuwa bado ndani yake, umeshaweka ukomo wa miligramu 20, ikabidi ipunguze. Sisemi kipimo peke yake kinamlinda mtoto. Nasema kampuni iliyoonekana haizuiliki ilitii kifungu kimoja cha sheria. Na Uingereza haikuishia hapo: tangu Juni 1, 2025 imekataza kuuza zile za kutumia na kutupa.

Sisi je? Sheria yetu ya bidhaa za tumbaku ni ya mwaka 2003, kabla kifaa hiki hakijauzwa popote. Inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18. Muuzaji wa vepu atakujibu kwamba bidhaa yake si tumbaku, na ameshapata pa kupenyea. Hatuko peke yetu: mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa nchi 88 hazina umri wa chini wa kununua bidhaa hizi.

Kuna mzazi ataniambia, basi pigeni marufuku yaishe. Namwelewa, hasira yake ni yangu. Lakini shisha ilitangazwa marufuku mwaka 2016. Nani hapa hajaiona ikivutwa tangu hapo? Bidhaa ikihamia uchochoroni, hakuna anayekagua kilichomo. Marekani, mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020, watu zaidi ya 2,800 walilazwa kwa maradhi ya mapafu baada ya kuvuta vepu, na 68 wakafa. Kilichohusishwa zaidi ni aina ya vitamini E iliyochanganywa kwenye vimiminika vya bangi, vingi vikiwa vya magendo. Na sisi watu wa pwani, wenye bandari na njia za majahazi, magendo tunayajua.

Kwa hiyo wabunge wetu tuwadai mambo yenye kushikika. Sheria izitaje bidhaa hizi kwa jina. Kiwango cha nikotini kiwe na ukomo na kiandikwe kwa Kiswahili kwenye pakiti. Ladha za matunda zitolewe. Mvutaji anayetaka kuacha sigara aipate vepu kwenye duka la dawa, kwa ushauri wa mfamasia, wala si kwenye duka la pipi jirani na shule. Anayemuuzia mtoto anyang'anywe leseni. Na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, waliokabidhiwa usimamizi wa bidhaa za tumbaku, wapewe wakaguzi wa kutosha kufika mpaka huku mitaani, maana sheria bila mkaguzi itakuwa shisha nyingine.

Mwalimu aliyeinua mkono pale nyuma, karibu, tuanze na swali lako.