Msaada upo, ila unagonga mlango upi?

KAKA: Karibuni tena jamani, tupo Dodoma, leo ni moyo ukichoka na nyumba ikianza kuyumba mtu aende wapi. Dada, meseji nyingi tunazopata ni za watumishi waliohamia huku na ofisi, baba yupo huku Mtumba kwenye mji wa serikali, mama kabaki Dar na watoto.

DADA: Na treni ya SGR ilivyoanza kufika huku 2024 watu wakaona basi yameisha, Ijumaa jioni unapanda usiku upo kwako. Sawa, umefika, mnaongea nini? Ada, luku, mtoto kafeli hesabu, Jumapili huyo umerudi, hakuna aliyemuuliza mwenzake siku hizi unalala vizuri? Mi naona tuanzie hapo kabla hata ya kutafuta mtaalamu.

KAKA: Wengine washauri wao wapo TikTok.

DADA: Siwapingi wote. Ila mshauri wa kweli anauliza sana kabla ya kujibu, anatunza siri, na likimzidi anakwambia nenda kwa fulani. Sasa huyu hajakusikia hata dakika mbili kashasema achana naye, halafu anakupa namba ya kulipia... huyo mpite tu.

KAKA: Haya, mlango upi sasa?

DADA: Inategemea unaumwa wapi. Kama ni nyinyi wawili hamuelewani kuna wazee, mshenga wenu, shekhe au mchungaji, kuna afisa ustawi wa jamii, na kuna baraza la usuluhishi wa ndoa kwenye kata. Hili baraza watu wanalitumia vibaya, yaani Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro upite pale kabla hujaenda mahakamani kuomba talaka, ukitoa sababu chache zilizotajwa, kwa hiyo watu wanaenda kuchukua karatasi tu, kichwani vyombo walishagawana zamani. Jamani nendeni mkiwa bado mnasalimiana!

KAKA: Na kama kuna kipigo?

DADA: Hapo hapana, hakuna cha kukaa kikao. Ni Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Mtoto akifanyiwa ukatili piga 116, ni bure. Na anayekwambia vumilia ndoa ndo zilivyo, usimsikilize.

KAKA: Sasa mtu mwenyewe ndo haelewi kichwa chake, na hapa mjini ukitaja Mirembe, hospitali ya afya ya akili, watu wanakuangalia mara mbili.

DADA: Hii inaniuma sana kaka. Mirembe ipo tangu 1927, karibu karne nzima ni jirani yetu na bado tumeigeuza tusi la kurushiana vijiweni. Watu wanatoka mikoa ya mbali kuja pale, wewe wa Majengo ni bodaboda tu unaogopa kuonekana getini. Kuna kliniki ya wagonjwa wa nje, unaongea na mtaalamu unarudi zako nyumbani. Huzuni imepita wiki mbili haiondoki, usingizi hauji, chakula hakipiti, vitu ulivyopenda huvitaki tena, pombe imeanza kukuendesha, hayo yote ni ya kupeleka, na ukiona mbali anzia hata kituo cha afya wakupe rufaa. Ila mawazo ya kujiua usihesabu wiki, mwambie mtu akupeleke leo hiihii.

KAKA: Mi nawapenda wale bibi wa Zimbabwe. Dokta Dixon Chibanda alianza nao 2006, bibi wa mtaani wakafundishwa kusikiliza, wanakaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki. Wakaja kupima, matokeo yakatoka 2016, waliokaa na bibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

DADA: Na bibi sisi tunao, mashangazi tunao, wamejaa. Tofauti wale wamefundishwa, hawakuhukumu, habari zako hazifiki kisimani kabla yako, na hawakupi jibu, wanakusaidia uchague tatizo moja uanze nalo.

KAKA: La mwisho, mwenzio akigoma kwenda?

DADA: Usimwambie una matatizo kapimwe, hapo umeshafunga mlango, hasa kwa nyie wanaume. Mwambie mimi nimechoka, naomba unisindikize. Akigoma tena nenda mwenyewe, siku uliyopangiwa usiiache ipite.